Ng'ombe aliyekuwa akiingia joto kila wiki tatu na hashiki mimba: tulichokikuta kizazini baada ya kuchinjwa

Wadau wa mifugo, naomba tukae na kisa cha ng'ombe mmoja tu, mwanzo mpaka mwisho, maana swali lake naulizwa karibu kila mahali ninapopita: ng'ombe anaingia joto vizuri kabisa, kila wiki tatu hakosi, anahimilishwa, yaani anawekewa mbegu ya dume kizazini kwa mrija, hashiki, mbegu imebadilishwa, mhimilishaji amebadilishwa, dume la jirani limeletwa, bado. Huyu alikuwa hivo hivo. Ila alipochinjwa kizazi chake hakikutupwa, tulikifungua, na sababu ikaonekana kwa macho.

Ni chotara wa Friesian, wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, kule kwenye migomba na baridi ambako kaya nyingi zina ng'ombe mmoja au wawili bandani wanakatiwa matete, pumba wanapewa wakati wa kukamuliwa. Umri kama miaka saba, amezaa mara tatu. Mzao wa kwanza na wa pili hamna shida yoyote, alikuwa anashika mapema na maziwa yanasomesha watoto. Historia nimeipata kwa mama mwenye ng'ombe na kijana wake, na niliwarudia tena baada ya kuona kizazi, maana ukishaona kilichomo ndani ndo unajua uulize nini.

Shida ilianza mzao wa tatu. Ndama dume, mkubwa, akavutwa na wanaume kwa kamba, akatoka mzima. Kondo la nyuma halikutoka. Likaning'inia mchana kutwa, usiku likalala linaning'inia, asubuhi akaitwa jirani mmoja ambaye pale kijijini anaaminika kwa mambo ya ng'ombe, akafunga jiwe kwenye kondo ili uzito ulivute, likagoma, jioni yake akaingiza mkono bila glovu akalichomoa kwa nguvu, likatoka vipande vipande na damu. Siku chache mbele ng'ombe akaacha kula, masikio ya baridi, maziwa yakakata, na nyuma anatoa maji ya kahawia ambayo harufu yake mama anasema ilifika mpaka jikoni. Akapigwa sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, akarudi kula, na familia ikaona limeisha.

Halikuisha. Mwezi na kitu baadaye kukawa na usaha mweupe unaganda mkiani hasa asubuhi anapoinuka. Ndipo akaja mtu mwingine, huyu anatembea na begi la dawa, akasema atasafisha kizazi. Akapitisha mrija shingo ya kizazi na kuingiza ayodini iliyochanganywa na maji, kijana anasema ilikuwa chupa kubwa na ng'ombe alikuwa anakakamaa na kukunja mgongo wakati inaingia. Wiki kadhaa mbele, kwa kuwa joto lilikuwa halijaonekana, mtu huyo huyo akarudi, akaingiza mkono kwa njia ya haja kubwa na "kuminya mayai" ili joto lije. Na kweli joto likaja! Siku chache tu. Ute ukawa safi, mweupe wa kupitisha mwanga, unavutika, kila mtu akafurahi, na kuanzia hapo joto likawa linakuja bila kukosa.

Akahimilishwa mara nne na wahimilishaji wawili tofauti, mbegu tofauti, kisha dume la jirani. Kila baada ya wiki tatu anarudi kupanda wenzake. Maziwa yakapungua taratibu mpaka akakauka, na mwisho akauzwa kwa mwenye bucha.

Sasa pale machinjioni. Kwa wasiojua, ukaguzi wa nyama una mpangilio wake: kichwa na ulimi, misuli ya taya na moyo vinapasuliwa kutafuta viluwiluwi vya tegu, ini linapasuliwa kutafuta minyoo bapa, mapafu yanapapaswa, bandama, figo, matezi. Kizazi kinatazamwa kwa nje, kama hakijajaa usaha na hakuna dalili ya ugonjwa wa kusambaa mwilini basi kinakwenda shimoni, na sehemu nyingine kinaishia kwa mbwa. Hili la mbwa linanisikitisha sana na nitalirudia. Kwa mlaji, kizazi kilichoziba mirija hakiharibu nyama hata kidogo, kwa hiyo mkaguzi hana sababu ya kisheria ya kukikalia. Lakini kwa mfugaji, jibu la miaka miwili ya gharama limo mle ndani na linatupwa kabla ya saa tatu asubuhi.

Nilimwomba mchinjaji anitolee kizazi kizima, yaani kuanzia uke, shingo, pembe zote mbili, na ovari zake zikiwa bado zimeshikamana. Akaniambia, "Dokta, hiyo sisi tunatupa, unaitakia nini?" Nikamwomba tu asikate pembeni, maana kisu chao huwa kinapita pale pale kwenye ovari na mirija, na hapo ndo penye habari yote.

Kabla ya kufungua, glovu ndefu, gambuti, na hakuna kurusha maji. Ng'ombe mwenye historia ya kondo kukwama lazima umhesabie uwezekano wa bruselosisi, ugonjwa wa kutupa mimba, bakteria wake wanapenda kizazi na kiwele, na binadamu anaipata kwa kugusa majimaji hayo akiwa na kidonda au yakimrukia machoni, afu anahangaika na homa za vipindi na maumivu ya viungo miezi mingi akidhani ni malaria. Homa ya Bonde la Ufa ilipotupiga 2006 na 2007, Kenya na Tanzania, walioshika damu na mimba zilizotupwa walikuwa ndo wa mstari wa mbele kuumia. Na mbwa akila kondo au kijusi chenye bruselosisi anaweza kuupata ugonjwa na kuusambaza, kwa hiyo wenzangu wa machinjioni, shimo lifunikwe, mbwa wasipewe.

Haya, tuingie kwenye kizazi chenyewe.

Ukubwa wake kwa nje ulikuwa wa kawaida kwa ng'ombe aliyezaa mara tatu, pembe zimejikunja vizuri, hamna kujaa wala kulegea. Mtu aliyempima kwa mkono kwa haraka angesema kizazi kizima. Ila ukiangalia kwa karibu upande wa juu wa pembe ya kulia kulikuwa na nyuzi nyuzi nyeupe, ngumu, zinaunganisha pembe na utando unaokibeba kizazi. Makovu hayo. Ng'ombe mzima hana kitu hicho, pale panatakiwa pawe laini, panateleza.

Ovari ya kulia haikuonekana. Kawaida ovari ya ng'ombe ya sentimita tatu au nne inakaa wazi ndani ya kifuko chepesi cha utando, unaingiza kidole kifukoni na kuitoa bila kuvuta. Hii ilikuwa imefungiwa humo, kifuko kimenata kwenye ovari pande zote na kile kinywa kipana cha mrija wa mayai, ambacho kazi yake ni kulidaka yai linapotoka, kimekunjwa na kushonwa na makovu. Ilibidi nikate kwa mkasi kuifikia. Na ndani yake, angalia hili, kulikuwa na kiuvimbe cha njano kizima cha kama sentimita mbili, kile kinachobaki pale yai lilipotoka. Maana yake ovari ilikuwa inatoa mayai mpaka kwenye mzunguko wa mwisho kabla ya kuchinjwa. Mayai yanatoka, yanaishia gerezani.

Kushoto hali nyingine. Ovari iko huru kabisa, safi, ina vifuko vidogo vya mayai vinavyokua, na alama za kovu za mizunguko ya zamani. Mrija ndo uliokuwa umeumia. Mrija wa mayai wa ng'ombe mzima ni mwembamba, una urefu wa sentimita 20 hadi 25 na unajipinda pinda, ukiupapasa unausikia kama waya chini ya vidole. Huu ulikuwa umevimba kufikia unene wa kidole, ukuta wake mwembamba mpaka unaona maji ndani, na nilipoutoboa kwa sindano yakatoka maji maangavu, hayana usaha, hayana harufu. Mrija ukiziba miisho yote miwili yale majimaji yake ya kawaida yanakosa pa kwenda, yanajikusanya humo mwaka hadi mwaka.

Kizazi chenyewe nilikipasua kwa urefu wa pembe zote. Vile vifundo vya kushikia kondo viko sawa, utando wa ndani umepauka kidogo, na ncha ya pembe ya kushoto kulikuwa na ute kidogo wenye ukungu, siyo usaha wa kujaa. Shingo ya kizazi na pete zake zote nzuri, imenyooka, mrija wa mhimilishaji ungepita bila shida.

Jaribio la mwisho halihitaji maabara na kila mwenzangu anaweza kulifanya: bomba la sindano, maji yenye rangi, ncha butu isiyotoboa. Unayasukuma maji kwenye mrija kutoka upande wa ovari na kutazama kama yanatokea kizazini. Kulia nilikata kwenye makovu mpaka nikapata tundu la mrija, nikasukuma, yakagoma hatua chache tu mbele. Kushoto niliukamua kwanza yale maji yaliyojikusanya, nikasukuma, mrija ukavimba tena pale pale, ncha ya pembe ikabaki kavu. Pande zote mbili zimeziba.

Sasa uchambuzi. Watu wengi wakisikia ng'ombe anaingia joto kila wiki tatu wanahitimisha kizazi ni kizima, kwa hiyo kosa ni la mbegu au la mhimilishaji. Hapa ndo panapotakiwa kueleweka vizuri. Joto linaendeshwa na ovari pamoja na ukuta wa kizazi. Yai likishatoka, kile kiuvimbe cha njano kinatengeneza homoni ya kutunza mimba. Kama mimba haipo, karibu siku ya 17 kizazi kinaanza kutoa homoni ya prostaglandini, kiuvimbe kinakufa, yai jingine linakomaa, na siku ya 21 ng'ombe anapanda wenzake. Katika mzunguko wote huu mrija wa mayai haujaulizwa chochote. Unaweza kuuziba pande zote na joto likaendelea kuja kwa kalenda. Mrija unahitajika kwa kazi moja tu, yai na mbegu ya dume vikutane humo, na kiinitete kikae humo siku nne au tano kabla hakijashuka kizazini. Ng'ombe wetu ovari zilifanya kazi, kizazi kikafanya kazi, na mbegu za wahimilishaji wote wawili nina hakika hazikuwa na tatizo, zilipanda mpaka zikafika penye ukuta.

Na ndo maana namtetea mhimilishaji kwenye kisa hiki, mama alikuwa ameshamlaumu sana na kumpigia simu za ukali. Mbegu za naitrojeni kweli zinaharibika kama mtungi umekauka, ni nyuzi 196 chini ya sifuri, ukichezea hapo zimekufa, na muda nao una makosa yake, akionekana asubuhi ahimilishwe jioni, akionekana jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata. Lakini watu wawili, mitungi miwili, na ng'ombe wa majirani waliohimilishwa kwa mitungi hiyo wameshika. Hapo unahama kwenye mbegu unakwenda kwenye ng'ombe.

Kwa nini siyo kitu kingine? Kizazi kilichojaa usaha kinamfungia ng'ombe joto kabisa, kile kiuvimbe cha njano hakifi na shingo inabana usaha ndani, mfugaji anadhani ana mimba. Huyu joto alikuwa nalo. Uvimbe wa maji kwenye ovari unavuruga kalenda, ng'ombe anapanda kila siku chache au haingii joto kabisa. Huyu kalenda imenyooka. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume, zaidi ya asilimia 90 yao hawazai maisha yao yote, ila huyu ameshazaa mara tatu. Magonjwa yanayoletwa na dume, trikomoniasi na kampilobakta, hayo yanaua kiinitete kichanga na mara nyingi joto linarudi kwa kuchelewa, siku 30, 40, hata zaidi, na dume hapa aliletwa mwishoni baada ya uhimilishaji kushindikana mara nne. Nikakaa nayo yote na hakuna linaloshika isipokuwa hili tuliloliona.

Swali gumu zaidi ni lini mirija iliziba. Mimi naweka uzito mkubwa kwenye lile kondo.

Kondo la ng'ombe limeshikana na kizazi sehemu nyingi, kati ya 75 na 120, kila sehemu nyama imepenyezana na nyama. Kwa kawaida linaachia ndani ya saa 12. Likipita saa 24 limekwama, na sababu zinajulikana: kuzaa kwa shida kama huyu, mapacha, mimba kutupwa, kalsiamu kushuka, upungufu wa vitamini E na seleniamu, bruselosisi. Ukilichomoa wakati bado limeshikana unaacha vipande ndani na kila kifundo kinakuwa kidonda. Jiwe ni baya zaidi, linachana, na linaweza kukivuta kizazi chote nje na ukampoteza ng'ombe siku hiyo hiyo. Naomba hili la jiwe liachwe jamani, nimelikuta wilaya nyingi na kila ninapolikuta kuna mtu mzima anasema hata babu alifanya. Karibu kila ng'ombe wa maziwa ana bakteria kizazini wiki mbili za mwanzo baada ya kuzaa, na wengi wanawasafisha wenyewe, kwa kinga yao na kwa kizazi kujikunja. Huyu alikuwa na vidonda, vipande vinaoza, na mkono mchafu umeingia mpaka ndani. Bakteria wa E. coli wanatangulia, wanalainisha njia, kisha wanakuja Trueperella pyogenes na wenzake wasiopenda hewa ambao ndo watengeneza usaha. Pembe za kizazi zinapakana na mirija, maambukizi makali yanapanda. Ile sindano ilishusha homa na ikaokoa maisha yake, naamini hivo, lakini baada ya hapo hakuna aliyerudi kuangalia kizazi kikoje, na usaha mweupe wa mwezi wa pili ulikuwa unasema wazi kwamba maambukizi bado yapo.

Kisha ile chupa kubwa. Ayodini kali, kiasi kikubwa, inasukumwa kwa nguvu kwenye kizazi kidogo kilichojikunja, itakwenda wapi? Inatafuta mirija, inapanda, inamwagikia kwenye kile kifuko cha ovari, inaunguza utando laini, na utando ulioungua ukipona unanata. Yale makovu ya upande wa kulia yanaendana sana na jambo hilo. Kule kukakamaa na kukunja mgongo alikonisimulia kijana ni maumivu, mnyama alikuwa anasema.

Na kuminya. Alichokiminya mtu yule ni kile kiuvimbe cha njano, ukikipasua kwa vidole homoni inakatika ghafla na joto linakuja, ndo maana familia iliona ni fundi kweli kweli. Zamani hata madaktari walifanya hivo. Lakini ovari inavuja damu, damu inaganda ndani ya kifuko, na donge la damu likipona linageuka kovu. Tangu miaka ya 1970 ilipopatikana dawa ya prostaglandini kwa ng'ombe hamna sababu ya mtu kuminya ovari, sindano moja inafanya kazi ile ile, na kwa ng'ombe mwenye usaha na kiuvimbe hai sindano hiyo inafungua shingo na kuusukuma usaha nje bila kumwaga chochote ndani.

Kwa hiyo mambo matatu yakarundikana kwa mnyama mmoja. Ng'ombe akiziba upande mmoja bado ana nafasi, ovari ya kulia ndo inayofanya kazi zaidi kwa ng'ombe, inatoa kama asilimia 60 ya mayai, lakini kushoto pia anashika, anachelewa tu. Akiziba kote, kwa mazingira yetu ya kijijini, hakuna dawa, hakuna mitishamba, hakuna kubadilisha mbegu. Uamuzi wa kumuuza ulikuwa sahihi na ulitakiwa kufanyika mwaka mmoja na zaidi kabla. Hesabu yake iko hivi: mimba ni siku 283 hivi, ukitaka ndama kila mwaka ng'ombe awe ameshika ndani ya siku 80 na kidogo baada ya kuzaa. Kila joto linalopita ni siku 21 za majani, pumba, maji, na mtu wa kukata matete, na mwaka mzima una mizunguko kama 17. Akishahimilishwa mara tatu na kurudi kwa kalenda, asimame. Asihimilishwe ya nne. Aitwe daktari wa mifugo ampime kizazi na ovari kwa mkono, mkono wenye uzoefu unaweza kuusikia mrija uliovimba na ovari isiyoteleza, na penye ultrasaundi maji ya kwenye mrija uliovimba yanaweza kuonekana.

Nilivyoenda kumwonyesha mama picha kwenye simu alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo dokta, yule kijana wa mbegu hakunidanganya?" Nikamwambia mama, hakukudanganya. Akampigia palepale, akamwomba radhi. Kisha akaniuliza la muhimu zaidi, maana ana mtamba wa mzao wa pili wa ng'ombe huyu huyu, ana mimba kubwa: kondo likigoma tufanyeje? Nikamwandikia kwenye karatasi. Usivute, usifunge kitu, kama linaburuzika chini likatwe fupi usawa wa magoti. Pima joto la mwili kila siku kwa siku kumi, nyuzi 39.5 kwenda juu au akiacha kula piga simu siku hiyo, atatibiwa kwa sindano ya mwilini. Kondo litajitoa lenyewe likishaoza, siku tano mpaka kumi, harufu itakuwepo, vumilieni. Wiki ya nne aangaliwe hata kama anaonekana mzima, na ukiona usaha wowote mkiani baada ya wiki tatu usisubiri. Asiruhusiwe mtu kumwaga dawa ya chupa kizazini. Na kalsiamu, madini ya kulamba na vitamini vianze kuangaliwa sasa kabla hajazaa, tusisubiri siku yenyewe.

Kuna jambo nje kidogo ya kisa hiki lakini siwezi kuliacha. Ukizoea kufungua vizazi machinjioni, kitu utakachokutana nacho mara nyingi kuliko mirija iliyoziba, kuliko usaha, kuliko vijusi vilivyokauka, ni mimba. Mimba nzima, hai, saa ingine ndama ana manyoya. Ng'ombe ameuzwa mnadani kama tasa, au ameuzwa kwa ajili ya ada ya shule na hakuna aliyempima. Mkono wenye uzoefu unaijua mimba ya miezi miwili kwa dakika chache. Nchi inapoteza ndama kwa namna hii kila asubuhi, machinjio ya Vingunguti Dar es Salaam, Dodoma, vimachinjio vya wilayani, na naumia nikifikiri ni kwa sababu ya kipimo ambacho hakihitaji zaidi ya glovu na sabuni.

Ninachokipigania mimi ni mstari mmoja kwenye daftari la ukaguzi: kizazi, mimba au hamna, kasoro gani, ovari zikoje. Na taarifa imfikie mwenye ng'ombe. Tuna sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ya mwaka 2010, ng'ombe akiwa na hereni na namba yake imesajiliwa, kumpata aliyemfuga siyo kazi. Ufuatiliaji tumeuzoea kwa ajili ya wizi na magonjwa ya mlipuko, na uzazi nao uingizwe humo humo. Ng'ombe watatu wa kijiji kimoja wakija machinjioni na makovu yale yale kwenye ovari, tunajua kuna mtu anapita na chupa ya ayodini, tunakwenda kuongea naye, na nawahakikishia wengi wao hawana nia mbaya, walifundishwa hivo na aliyewafundisha.

Wakati hilo halijafika, wewe mwenye ng'ombe anayekwenda kuchinjwa kwa sababu hashiki, fanya hivi. Nenda naye au tuma mtu, ongea na mchinjaji na mkaguzi kabla kisu hakijaanza, omba kizazi kitolewe kizima na ovari zake, kiwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Usikiguse bila glovu. Kama daktari hayupo kiwekwe kwenye baridi kisigandishwe, maana kikiganda na kuyeyuka utando unalegea na huwezi kutofautisha kovu na kuoza, na kifunguliwe siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Piga picha za ovari zote mbili zikiwa bado kwenye vifuko vyake, kisha za mirija, kisha za ndani ya pembe, na umpe daktari historia yote kuanzia mzao wa mwisho, nani alivuta ndama, kondo lilitoka saa ngapi, nani aliingiza nini ndani. Hata lile unaloona aibu kulitaja, litaje.